Nyumba Ziwe Wazi

Mdachi alifika Rumonge na askari wake wakati wa kiangazi. Mimi nilikuwa bibi arusi niliyeletwa juzi tu kutoka Ujiji, nakaa na mume wangu, mshona kanzu, pamoja na mama yake. Tukaitwa sote sokoni. Yule bwana alikuwa amejifunza Kiswahili huko pwani, akasema polepole, kila neno kama anapigilia msumari:

"Nyumba zote ziwe wazi. Nitarudi. Nyumba isiyo wazi, mwenyewe atapigwa kiboko."

Akapanda mashua na mkalimani wake, wakashika njia ya kusini. Tukaanza kubishana.

"Wazi ni mlango usiofungwa," alisema mume wangu.

"Hapana," alisema jirani yetu, muuza mawese. "Nyumba ikiwa wazi haina kitu ndani. Anataka tuzitoke."

Hakukuwa na wa kumuuliza, basi kila mtu akafuata maana yake. Jirani alitoa kitanda, mitungi na mke wake mwenye mimba, akawaweka chini ya michikichi. Sisi tuliacha mlango wazi, mchana na usiku. Mbuzi wakaingia wakatafuna mkeka niliosukiwa na mama yangu. Nililia. Mama mkwe akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Heri mkeka kuliko mgongo."

Mdachi aliporudi, alimtazama mbuzi aliyesimama mlangoni petu. Kisha akamtazama jirani, aliyekuwa amekaa kitandani pake nje, kwa adabu.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Bwana, nyumba iko wazi kabisa," alijibu jirani. "Hata panya hamna."

Mdachi akamgeukia mkalimani, wakasemezana kwa lugha yao, kwa muda. Mkalimani akatugeukia bila kucheka.

"Bwana alitaka nyumba zionekane. Akiwa ziwani, azione. Migomba inazificha."

"Si angesema zionekane?" aliuliza mama mkwe.

"Mama, nakuomba," alisema mkalimani. Hilo hakulitafsiri.

Hakuna aliyepigwa. Migomba ilikatwa siku hiyohiyo, ikiwa na mikungu yake michanga. Ya kwetu mama mkwe aliipanda mwenyewe baada ya kufiwa na mumewe, na hakukubali askari aiguse. Alichukua panga akaikata yote, mmoja baada ya mwingine, kisha akanawa mikono. Siku zile tulikula ndizi mbichi kwa ndagala, dagaa wa ziwa letu, mpaka mume wangu akaanza kuzila akiwa amefumba macho.

Sasa nyumba ilionekana. Jua la mchana liliingia mpaka chumbani, na watu tusiowajua walitusalimia kutoka kwenye mitumbwi yao. Mama mkwe aliwaitikia siku mbili za kwanza. Baadaye akachukua kigoda chake, akakaa akiutazama ukuta.

"Mama, mbona umegeukia huko?" mume wangu alimuuliza.

"Nimeonekana vya kutosha."

Mvua ziliponyesha, visiki vikachipua. Hakuna aliyevipalilia, wala hakuna aliyevikata. Mdachi alipita tena kwa mashua yake, mvua inapiga, ng'ambo ya ziwa haionekani, wala sisi. Hakuteremka. Mkungu wa kwanza ulipokomaa, mama mkwe aliugawa nusu, akaniambia nipeleke nusu moja kwa mke wa jirani, ambaye mtoto wake alikuwa tayari anatambaa.