Udongo wa Mgeni

Nyumba yetu ilikuwa Kibokoni, Mombasa, lakini mama alikuwa na kitalu cha asumini nje ya mji, upande wa Tononoka, zama hizo kukiwa na mashamba na vichaka tu. Kila bibi harusi wa ukoo wetu alivishwa maua yale. Nami nilivishwa, ingawa aliyenioa aliniacha kabla sijalizoea jiko lake, nikarudi kwa mama kumsaidia kupalilia. Siku hizo alikuwa na wazo moja tu: mdogo wangu, aliyeposwa Lamu, avishwe asumini za nyumbani, kisha apewe mche. Kwetu binti akiolewa mbali hupewa mche wa asumini, na udongo wa kwao umefungwa kwa kitambaa mizizini, ajue kwamba ana pa kurudi.

Mjomba akaleta mbegu za mti wa ng'ambo. Alisema utatia kivuli na mbuzi watapenda majani yake. Mjomba alipenda kutoa zawadi zinazowapa wengine kazi. Miche ikaota kando ya asumini, ikadumaa, majani yakawa manjano. Mama aliona haya kana kwamba kuna mtu analala na njaa nyumbani mwake. Akamweleza jirani yetu wa Kihindi, ambaye miti hiyohiyo ilikuwa imestawi uani kwake. Jirani akampa kikapu cha udongo wa chini ya miti yake. Mama akaufukia mizizini kwa imani ileile ya kitambaa cha mabibi harusi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu, ule mti, alichukua jembe na shamba lenyewe. Mvua zilipokwisha alikuwa amenipita kimo. Tulipong'oa mti mmoja tuliona mizizi imejaa vinundu kama punje za mtama, na ndani vilikuwa vyekundu. Nilipokwisha kuzeeka ndipo bwana shamba mmoja aliponieleza kwamba humo huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huulisha mti chakula kilichotoka hewani, na mti huvilipa kwa sukari yake. Udongo wetu haukuwa na vijidudu hivyo. Vilikuja na kikapu.

Tuliikata miti, ikachipua. Maganda yakapasuka, mbegu zikazagaa kila mahali. Asumini zikakosa jua, zikafa shina baada ya shina, na siku ya harusi mdogo wangu alivishwa maua ya kuomba kwa watu. Mimi nililia kwa hasira. Mama hakulia.

Asubuhi ya safari mama alichimba mche wa asumini wa mwisho. Akaiosha mizizi ndooni, akaisugua kwa vidole mpaka ikabaki mitupu.

"Mama, waninyima udongo?" mdogo wangu akauliza.

"Sikunyimi, mwanangu. Mtanga huu wa shamba letu usitukue kwenda nao Lamu. Mgeni atakufuata."

Mdogo wangu aliupokea mche, akaondoka bila kumbusu mama mkono.

Alirudi Mombasa mara moja tu, kwa matanga ya mama. Wageni walipokwisha kutawanyika tukabaki wawili tukikunja mikeka, akaniambia kwamba mche ule ulikauka njiani. Nikamweleza kwamba mama aliuosha ili ule mti wa mjomba usimfuate Lamu. Akauweka mkeka chini.

"Dada," akasema, "mimi nalidhani hataki nirudi. Ndipo sikurudi."