Bitiruti za Fundi Viatu

Je, wewe umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya bitiruti? Usicheke. Mimi nimewahi, tena wivu wa kunyima usingizi, na niliyemwonea ni jirani yetu fundi viatu, mzee asiyejua kusoma hata jina lake.

Kibanda chake kimeegemea ukuta wetu mfupi, ule unaoishia kifuani. Ameketi pale miaka thelathini, kwenye kigoda kilichoingia bonde kwa kukaliwa, akishikilia uzi kwa meno. Huwatambua watu kwa soli. "Huyu ana hasira," husema akigeuza kiatu. "Ona kisigino kilivyoliwa upande mmoja." Siku alipovishika viatu vyangu akatikisa kichwa. "Wewe Msomi unatembea kama mtu anayefukuzwa na mawazo yake." Wateja wakaangua kicheko, na Msomi likawa jina langu mtaa mzima.

Nyuma ya kibanda ana tuta moja la mboga, si kubwa kuliko kitanda cha mtu mmoja. Lilianzishwa na marehemu mkewe, aliyependa rangi ya bitiruti kuliko hata utamu wake. Mkewe ndiye aliyekuwa akimsomea maandishi ya pakiti za mbegu. Alipofariki, fundi aliendelea kupanda kwa kukumbuka.

Mimi nimesomea maendeleo ya jamii chuoni, nikarudi nyumbani na moto kifuani. Niliapa kwamba mtaani kwetu hapatakuwa na nyumba yenye hatua tatu za udongo ikakosa mboga! Kina mama wana chama chao. Walinisikiliza, wakakubali kuchagua tuta moja liwe shamba darasa, mahali pa kujifunzia kila Jumamosi. Nilitaka liwe langu. Mwaka ule sikutaka kitu kingine chochote. Nikachimba, nikasia, nikachonga kibao na kukiandika kwa rangi nyeupe: BITIRUTI. ZIMEPANDWA TAREHE 8. Rangi ilichuruzika kidogo chini ya ile nane, nikaiacha hivyo hivyo.

Siku tano baadaye fundi naye akapanda zake.

Mbegu ya bitiruti ni kifundo. Kifundo kimoja hutoa miche miwili, mitatu, hata minne. Ya fundi ilipochipua, alichuchumaa na mkasi wake wa kukatia ngozi, akaacha mche mmoja tu kila penye nafasi ya ngumi, iliyobaki akaifyeka. Nilimwona, nikashindwa kuvumilia.

"Fundi, mbona unaua vyenye uhai?"

"Siui, napunguza. Na hii ni mboga ya jioni."

"Kwangu hakuna kung'oana. Kila mche una haki ya kuishi, ardhi ni ya wote!"

"Sawa, Msomi. Walaze wanne kitanda kimoja, kisha uniambie nani kanenepa."

Mama alikuwa akianika nguo. Alicheka mpaka kibanio kikamtoka mdomoni. Mama yangu mzazi! Jioni fundi akampitishia majani yale machanga juu ya ukuta, naye mama akayakaanga kwa kitunguu, akasema hajawahi kula mboga laini namna ile. Mimi nikasema nimeshiba. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Wiki zikapita. Bitiruti za fundi zikaanza kutoa mabega nje ya udongo, mekundu ya kuiva. Zangu zilikuwa na majani ya kupendeza, lakini nilipofukua kidogo kwa kidole nilikuta mizizi kama kamba za viatu, imesukana. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilichungulia ng'ambo ya ukuta. Nilijiita mpenda watu, na huku nilikuwa nikiwaombea konokono njia njema waingie kwake.

Nyumbani nako hakukaliki. "Fundi kasema usikate mkia wa bitiruti kabla ya kuchemsha, wala usilikate shina hadi chini, rangi yote itaishia kwenye maji." Mama alikuwa jikoni, vidole vyekundu. "Fundi kasema ukishaichemsha na ganda lake, unaisugua tu, linavuliwa kama soksi. Ona!"

"Fundi kasema, fundi kasema. Mimi je, sijawahi kusema?"

"Wewe umesema sana, mwanangu. Sasa tunangoja ulichopanda nacho kiseme."

Siku ya uchaguzi mwenyekiti wa kina mama alianza kwangu. Akang'oa moja, akaiinua juu.

"Mwanangu, hii ni bitiruti au mkia wa panya?"

Wenzake wakashikana mabega kwa kucheka. Kwa fundi aling'oa moja ikamjaa kiganja. Wakaipasua, ikapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akiangalia zile duara za ndani. Hapakuwa na haja ya kupiga kura.

"Darasa ni hapa," alisema mwenyekiti. "Ila fundi, shamba darasa lina kibao. Tuweke tarehe ya kupanda, tujue kuhesabu wiki. Msomi anacho, nawe tuwekee."

Fundi alijipangusa mikono kwenye aproni, polepole. "Kitapatikana."

Moyo wangu uliokuwa umelala chini ukainuka. Kuandika! Hapo ndipo nilipomkamata.

"Atakuja tu," nilimwambia mama. "Atabisha hodi hapa, kofia mkononi. Na mimi nitamwambia nina shughuli."

"Una roho ya korosho wewe," alisema mama, akaniachia sahani yangu mezani bila kunitazama.

Nilikaa karibu na mlango jioni nzima. Hodi haikuja.

Asubuhi nilitoka na mswaki mdomoni. Fundi alikuwa upande wetu wa ukuta, amechuchumaa mbele ya kibao changu, amenipa mgongo. Kwenye goti alikuwa ameweka kipande kipana cha mpira wa soli. Anatazama kibao, anatoboa tundu kwa msumari wake wa viatu. Anatazama tena, anatoboa. Ncha ya ulimi ilimtoka pembeni mwa mdomo. Kila herufi ilipokamilika aliipaka chaki ikajaa kwenye matundu. Nilisimama na povu mdomoni, sikutema.

Akafika kwenye nane. Akaitoboa yote, duara juu ya duara. Kisha akainama karibu zaidi, akautazama kwa muda mrefu ule mchuruziko wa rangi chini yake, akautoboa nao, tundu baada ya tundu, mpaka ulipoishia.

Akainuka, goti likalia, akarudi kwake na kuupigilia ule mpira kwenye kijiti, katikati ya bitiruti alizozipanda tarehe kumi na tatu.