Mkeka wa Kiti cha Nyuma

Kwa muda wa miezi minne nilikuwa mtu wa kubonyeza dashibodi za watu. Nikipewa lifti kutoka Ukunda hadi Msambweni, kabla sijauliza hali za watoto, kidole gumba changu kilikuwa kimeshafika kwenye plastiki iliyo mbele yangu, kikiipima kama mtu anayepima embe sokoni. Ikibonyea kidogo, nilimheshimu mwenye gari. Ikiwa ngumu, nilimwonea huruma, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na gari na mimi ndiye niliyeomba lifti.

Nilikuwa natafuta gari dogo, la kwanza maishani mwangu, katika umri ambao wenzangu niliosoma nao chuo kikuu wanabadilisha la tatu. Na kwa kuwa mtu aliyesoma hanunui kitu kabla hajakisomea, nilisoma. Nilisoma malalamiko ya watu wa nchi za baridi kwamba mlango wa gari fulani, kule chini kabisa kusikoguswa na mtu, umetengenezwa kwa plastiki duni. Nikaumia pamoja nao. Nikaanza kuhubiri mezani kwamba udogo wa gari usiwe sababu ya uduni wa ndani. Kwamba injini mtu anaisikia tu, lakini kiti anakikalia na usukani anaushika kila siku. Mke wangu hufundisha shule ya msingi na amezoea kusikiliza hoja ndefu za watu wadogo. Alinisubiri nimalize, akauliza, "Tunanunua gari au tunanunua sofa?"

Lilikuwa swali la haki, maana gari lilikuwa na kazi maalumu. Mama yake, yaani mkwe wangu, anakaa Kikoneni. Alikuwa ameteleza akiteka maji, akavunjika mguu karibu na goti. Mfupa uliunga, ila goti likagoma kukunjika. Ikabidi awe anakwenda hospitalini Msambweni kila Alhamisi kukunjwa na kunyooshwa. Pikipiki hakuiweza, na tuktuk ilimrusharusha mpaka akafika amechoka kuliko alivyoondoka. Kutembea hakukumsumbua sana. Kwa mkongojo wake alifika alikotaka. Lililomnyima raha lilikuwa jambo moja: alikuwa akiswali juu ya kiti. Mwanamke aliyesujudu chini tangu utotoni, sasa anainamisha kichwa tu, kama, alivyosema mwenyewe, mtu anayesinzia katika baraza la chifu. Alitaka paji lake la uso lirudi chini kabla ya Ramadhani kuingia. Hakuomba kingine.

Katika yadi tuliyokwenda palikuwa na magari mawili tuliyoyamudu. La kwanza lilikuwa na viti vyeusi vya ngozi bandia, sakafu ya mpira, na dashibodi ngumu kama viti vya plastiki vya kukodi harusini. Fundi tuliyefuatana naye alilizunguka, akalala chini yake, akatoka akitabasamu. La pili lilikuwa na viti vya kitambaa laini cha rangi ya maziwa, zulia la rangi hiyo hiyo, na dashibodi iliyobonyea chini ya kidole changu kama mkate wa sinia. Fundi alilala chini ya hilo pia, akatoka akijipangusa mikono kwa muda mrefu.

Kijana muuzaji, mtu wa bara, alikwishanijua mimi ni nani. "Mzee, gusa tu hapo," alisema. "Si umeskia hiyo kitu? Hii ndani ni ya watu wa heshima."

Mke wangu alisema kwamba udongo wa kwao rangi yake naijua. Nikamjibu kwamba kitambaa bora huoshika, sentensi niliyokuwa nimeisoma mahali. Tukanunua la maziwa. Fundi alituambia kuwa nalo litatembea, kwa sauti ile ambayo daktari huitumia akizungumza na jamaa wa mgonjwa.

Jumapili ya kwanza watoto walitoka ufuoni Diani, wakapanda gari na nusu ya ufuo. Siku hiyo hiyo nikatunga sheria: humu hapakiwi samaki, hapaliwi kitu, na hapandi mtu mwenye mchanga miguuni. Nilizitangaza nikiwa nimesimama mlangoni na ufagio mdogo mkononi. Mke wangu aliona ni kichekesho cha kumpigia mama yake simu, akampigia. Mimi sikujua.

Alhamisi ilipofika nilikwenda Kikoneni. Mkwe wangu alitoka akiwa amevaa buibui lake jema, ananukia udi. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akauliza hali za nyumbani mmoja mmoja mpaka kuku. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akatazama ndani, akasema mashallah. Alivua viatu vyake kabla ya kupanda. Niliona kwenye kioo, na nakiri kwamba moyo wangu ulivimba. Nikajiambia, huyu ndiye mtu wa kwanza anayeelewa vitambaa.

Tulipofika hospitalini niligeuka kumfungulia mlango. Hakushuka.

"Baba," aliniambia kwa sauti ya chini, "viatu vyangu viko Kikoneni."

Alikuwa amevivua kama avivuavyo mtu mlangoni pa nyumba ya watu, akavipanga vizuri chini, akaingia. Nami nikaondoa nyumba. Nilimpa vyangu. Vilimpwaya kiasi kwamba alikuwa akiviburuza badala ya kuvivaa, na mimi nikapita kwenye ukumbi wa hospitali miguu mitupu. Mwanafunzi wangu wa zamani alinikuta hapo, akanipa pole kwa upole mkubwa, akidhani nimeibiwa msikitini. Niliipokea pole yake. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Tuliporudi Kikoneni tulivikuta viatu vya mama pale pale kando ya njia, vimetulia bega kwa bega kama abiria waliopitwa.

Tangu siku hiyo alivitia kwenye kikapu chake, na safari zikaendelea. Lakini nilianza kuona kitu kwenye kioo. Mkwe wangu alikuwa anakaa ukingoni mwa kiti, mgongo haukuegemea, mikono mapajani, na nyayo amezisimamisha kwa vidole zisije zikagusa zulia. Alikaa hivyo mwendo mzima. Nikadhani anaogopa uendeshaji wangu. Nikapunguza mwendo. Alipozidi kukakamaa nami nikazidi kupunguza, hadi tukapitwa na baiskeli iliyobeba mikungu miwili ya ndizi, na mwenye baiskeli akatusalimu.

Wakati wa kurudi adhuhuri ilitukuta njiani, penye msikiti mdogo kando ya barabara. Mimi niliingia. Yeye aliswali ndani ya gari, kwa kuwa amekaa tu vyovyote vile. Hiyo ilimaanisha kwamba gari lenyewe lazima lielekee kibla, na uwanja wa msikiti ule ulitengenezwa kwa magari yanayoelekea barabarani. Kwa hivyo kila Alhamisi nililiweka gari mshazari, mbele na nyuma, mbele tena, nikitafuta kaskazini kwa usukani. Mwadhini alivumilia mara mbili. Mara ya tatu aliniuliza mbona gari langu linalala njiani kama ng'ombe. Nilipomweleza sababu, alisimama akanisaidia kulielekeza kwa mkono, na akanisahihisha kidogo upande wa kulia.

Alhamisi ya nne ndipo binti anayemkunja goti aliponiita ndani. "Huu mguu unafika hapa umekauka kama kuni," alisema. "Nusu ya saa yangu inaisha nikiulainisha tu. Mama anakaa aje kwa gari?"

Mkwe wangu alijibu haraka kwamba anakaa vizuri, gari ni zuri, alhamdulillahi. Binti akaniagiza nimwache anyooshe mguu juu ya kiti cha nyuma safari nzima, la sivyo goti hilo tusilitegemee Ramadhani hii. Tulipofika garini nikamwambia mama kwa adabu anyooshe mguu. Akasema inshallah. Kila aliye na mkwe Pwani anaijua inshallah ile. Hakuunyoosha.

Usiku wake alimpigia mke wangu simu akasema kwamba Alhamisi ijayo asisumbuliwe mtu, atapanda tuktuk, au pengine atapumzika.

Nilimuuliza mke wangu nimemkosea nini mama. Alikuwa anasahihisha madaftari na hakuinua kichwa. "Mama anaogopa kiti chako," alisema.

"Kiti?"

"Si ulisema asipande mtu na mchanga? Mimi nilimsimulia nikicheka. Yeye hakucheka."

Nikasema zile zilikuwa sheria za watoto.

"Na yeye angejuaje? Mkwe amesema, basi amesema."

Nililala nikizihesabu zile plastiki nilizozibonyeza. Miezi minne nilitafuta gari ambalo ndani yake ni bora, nikalipata, na ubora huo ndio uliokuwa unakausha goti la mtu. Katika yote niliyoyasoma hapakuwa na mahali palipouliza nani atakaa nyuma, na anaogopa kuchafua nini.

Nilijaribu marekebisho. Kwanza nailoni, ambayo ilipata moto na kulia kila nilipoikalia mwenyewe kwa majaribio. Kisha leso mpya, ila mke wangu aliisoma maandishi yake, akanionyesha jina la Mwenyezi Mungu katikati, akaniuliza ni nani nimtarajiaye aweke mguu hapo. Iliyobaki ilikuwa kumwambia mkwe wangu kwa kinywa changu, "Mama, weka mguu wako kitini pangu," na sikuwa na sauti ya kusemea maneno hayo. Bado sina.

Kwa hivyo Jumatatu nilikwenda Shimoni. Nilinunua samaki penye kushushiwa samaki, wanne wabichi wa aina ya changu, wakafungwa kwenye gazeti, na mimi kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, nikawalaza kwenye kiti cha nyuma. Mpaka kufika Kikoneni gazeti lilikuwa limekwisha kazi. Mkwe wangu alitoka barazani na mkongojo wake, akafungua mlango, akarudisha kichwa nyuma.

"Baba, umepakia samaki humu?"

"Nimepakia, mama."

"Juu ya kitambaa?"

"Juu ya kitambaa."

Aliniangalia, akaliangalia doa, na ndipo akacheka, kicheko ambacho kwa miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimekisikia kupitia ukutani tu. Alipomaliza aliingiza mkono, na kwa mara ya kwanza akakigusa kiti. Ikumbukwe kwamba mkwe wangu ni msusi wa mikeka tangu akiwa msichana. Alipitisha vidole kwenye mshono, akakivuta kitambaa kidogo, akakiachia, akakivuta tena.

"Hakina mwili," alisema. "Na aliyeshona hapa alikuwa na haraka ya kwenda kwao."

Wiki zote zile nilidhani ubora wa kiti changu umemtisha. Kumbe alikuwa anamheshimu mtu tu. Kitambaa alikuwa hajakitazama. Alikipima kiti kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akaongeza shubiri, akauliza mikanda hutokea wapi. Kisha akaniambia niwapeleke samaki kivulini kabla hawajaharibika, na safari ya tuktuk haikutajwa tena.

Alhamisi mkeka ulikuwa tayari. Ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, alikuwa nao, umesukwa siku nyingi ukisubiri kazi. Alichofanya ni kuushona kwa kipimo. Ulikuwa mwembamba, wenye michirizi ya zambarau na kijani, na matundu mawili yaliyotiwa kingo kwa ajili ya mikanda. Ulikaa kitini kama uliozaliwa hapo. Mama alivua viatu, akavitia kikapuni, akaegemea mto, akaunyoosha mguu mpaka mwisho. Nikawasha gari, nikaondoka kwa mwendo wangu wa heshima.

Hatukufika mbali. "Baba," akasema kutoka nyuma, "mbona waendesha kama umebeba mayai? Yule binti hatungoji sisi pekee."

Tangu hapo alizungumza. Nilijifunza habari za Kikoneni ambazo mke wangu hajazisikia mpaka leo. Goti nalo likaanza kutii, kidole kwa kidole, na binti wa hospitali akawa anatumia saa yake yote kwa kazi yake. Watu wanaotaka kununua gari dogo huniuliza, kwa kuwa wanakumbuka zile hotuba zangu, kama vitu vya ndani vina maana. Nawaambia vina maana kubwa, na waende kununua wakiwa na msusi.

Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani tulifika pale msikitini wakati wa adhuhuri. Mwadhini aliniona, akatoka, akainua mkono wake tayari kuniongoza. Nikaanza: mbele, nyuma, mbele.

"Acha, baba," mkwe wangu alisema. "Leo egesha upendavyo."

Nilizima gari pale pale lilipokuwa. Nyuma yangu nilisikia mikanda ikifunguliwa na mkeka ukitolewa. Aliukunja, akautia kwapani, akashuka na kwenda na mkongojo wake kwenye baraza ya upande wa wanawake. Swala yangu ya siku hiyo afadhali nisiizungumze. Mwili ulikuwa safuni, lakini masikio yalikuwa ng'ambo ya ukuta.

Nilipotoka nilimkuta bado ameketi chini juu ya mkeka, miguu ameikunja upande mmoja, na mama mwingine amesimama karibu akisubiri kumpa mkono wa kuinukia. Alipogeuka niliona katikati ya paji lake la uso chapa ndogo ya ukili, mistari iliyopishana. Aliinuka, akaurudisha mkeka kitini, na mchanga wote wa baraza ukamwagika juu ya zulia la rangi ya maziwa.

Aliutazama. "Samahani, baba. Nimekuingizia mchanga."

"Mchanga gani, mama?" nikauliza, nikawasha gari.