Taa ya Buluu na Sweta la Mama Mkwe

Nilipata mtoto wa kwanza nikiwa na miaka arobaini na tisa, na nesi wa wodi ya watoto wachanga, pale Voi, aliniuliza kwa heshima zote, "Baba yake mtoto atakuja saa ngapi?"

Nikamwambia baba ndiye mimi.

"Pole, mzee," akasema, akaendelea na kazi.

Binti yetu alikuwa na siku tatu, na alikuwa wa manjano hadi kwenye weupe wa macho. Alilazwa chini ya taa ya buluu akiwa na nepi na kitambaa cha kumkinga macho, basi. Daktari alitueleza kwamba mwanga huo ukipiga ngozi hupunguza umanjano uliozidi kwenye damu. Kipimo cha asubuhi kisiposhuka, angepelekwa Mombasa kubadilishwa damu. Mke wangu alikuwa amepasuliwa, hawezi kusimama. Zamu ikawa yangu.

Mimi hofu ikinishika, husoma. Nilisoma kwenye simu masharti ya usalama ya taa hizo, kisha nikaanza ukaguzi ambao hakuna aliyenituma. Niliuliza balbu zimewaka kwa jumla ya saa ngapi tangu zibadilishwe. Nilipima kwa rula nafasi kati ya taa na mtoto. Nilimsumbua fundi wa mitambo hadi akaleta kifaa cha kupimia mwanga, akakiweka kando ya mtoto, akanionyesha namba.

"Iko sawa, mzee. Kuna swali lingine?"

Yalikuwepo manne.

Mchana mama mkwe akashuka kutoka Wundanyi na sweta, kofia na soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Kule milimani mtoto mchanga huonekana pua tu. Voi siku hiyo ilikuwa inachemka.

"Mbona mjukuu wangu yuko uchi?" aliuliza.

Jibu nilikuwa nalo, ukurasa mzima. Lakini nilivyolelewa, mama mkwe habishiwi. Mimi niliyemhoji fundi kama hakimu nikasema, "Ni kweli, mama." Soksi ya kushoto nilimvisha mimi.

Nesi alirudi baada ya kama saa moja. Hakugomba. Alimwita fundi, naye akaingiza kifaa chake chini ya sweta. Namba ikaanguka karibu na sifuri.

"Taa ni nzima," fundi akasema. "Mwenye hitilafu ni mkaguzi."

Nesi akamweleza mama mkwe kwa Kidawida, lugha ya kwao, maneno machache tu. Mama akamvua mtoto haraka. Kisha akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza?"

"Niliogopa kukukosea."

"Mimi ningenuna siku mbili, nisahau. Huyu je?"



Asubuhi kipimo kilikuwa kimeshuka, ila si kama daktari alivyotaka. Mombasa tuliepuka; chini ya taa ikaongezwa siku moja, na saa moja ya siku hiyo naijua ni ya nani.

Siku hiyo ya ziada akaja shangazi yangu kutoka Maungu, mkononi blanketi jipya. Mama mkwe akanitazama. "Mwambie."

"Shangazi," nikasema, "mtoto hafunikwi."

"Nani kasema?"

Nilikuwa nimesoma masharti yote. Nikamnyooshea kidole mama mkwe.