Mkwaruzo Kwenye Mlango wa Kushoto

Nilikwenda Johannesburg na begi moja. Nikalinda mageti ya watu usiku, nikasoma mchana, nikapata stashahada ya umeme, na kufikia mwaka 2017 nilikuwa fundi wa lifti katika maghorofa ya Braamfontein. Wahadhiri wa chuo kikuu walikwama kati ya ghorofa na ghorofa wakanisubiri mimi, mtoto wa Tanga, nije kuwashusha. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi nilipoona mkwaruzo kwenye gari langu, sikupiga kelele. Nilitulia, nikaanza kuchunguza.

Gari lenyewe lilikuwa sedani ya Kijerumani, buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi. Halikuwa jipya, lakini nikisimama kwenye roboti, taa za barabarani zikiwa nyekundu, nilikuwa naona madereva wa teksi wakigeuza shingo. Picha yake ilikuwa ukutani kwa mama yangu, Tanga, kando ya picha ya marehemu baba. Siku za kazi nilichukuliwa na gari la kampuni, hivyo langu lilibaki uani Rosettenville wiki nzima, likitoka Jumamosi na Jumapili tu, kama mtu mwenye heshima zake.

Uani tulikuwa kaya tatu. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kireno, tuliyemwita Dona, aliyekaa nyumba ya mbele. Vyumba vya nyuma vilikuwa viwili: kimoja changu, kingine cha fundi cherehani kutoka Bukavu, aliyeishi na mkewe. Mke alishinda saluni mjini akisuka watu nywele. Fundi yeye alishinda palepale chumbani, mguu kwenye cherehani, kuanzia asubuhi hadi jioni. Tuliishi vizuri. Jumapili mkewe alinipa sahani ya sombe, nami kila mara nilimwambia kwamba kwetu tunaita kisamvu na tunatia nazi, naye kila mara akaniambia nazi ni ya wagonjwa.

Fundi ndiye aliyenishonea turubai la kufunikia gari. Alilikata vizuri, likakaa kama nguo ya kupimwa, na kwenye pindo la chini akagonga matundu yenye pete za chuma. Siku ya kulivisha alicheka sana.

"Grand," aliniambia, hivyo ndivyo alivyozoea kuniita, yaani kaka mkubwa, "hii motokari yako iko bi harusi. Sasa umeivalisha shela."

Nikacheka pia. Lakini shela peke yake haikunitosha. Nilinunua waya mnene, nikaupitisha kwenye zile pete na chini ya tumbo la gari, upande hadi upande, nikaufunga kwa kufuli. Kisha nikawaza: mtu akiliona kufuli atajua pa kukata. Nikalisukuma ndani, nyuma ya turubai, lisionekane. Fundi alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, sindano mdomoni. Mlango wake mwenyewe haukuwa na kufuli. Akitoka aliuzungushia kipande cha kitambaa kwenye msumari, basi.

Mkwaruzo wa kwanza ulikuwa mdogo, mstari uliojipinda kama mwezi mchanga, chini ya kitasa cha mlango wa nyuma, kushoto. Nilimshuku mlinzi wa magari wa Kensington, nje ya kinyozi wangu, kwa sababu Jumamosi iliyotangulia nilimpa sarafu ndogo akaitazama kwa dharau. Jumamosi iliyofuata sikwenda Kensington. Nilikata nywele mwenyewe, vibaya. Jumamosi nyingine nilipofunua turubai, nikakuta mwezi wa pili kando ya wa kwanza, na wa tatu umeanza.

Katika lifti, hitilafu haitafutwi kwa hasira. Unatenga kipande kimoja, unaona kama tatizo limebaki. Nilikuwa nimeitenga Kensington, tatizo likabaki. Kwa hiyo lilikuwa uani. Geti la uani lilikuwa na ufunguo. Mbwa wa Dona alimbwekea hata muuza mkate aliyemzoea, lakini hakumbwekea Fundi. Dona mwenyewe magoti yalimuuma, hawezi kuinama. Na ni nani aliyeshinda pale mchana kutwa, na mkasi mkononi, akijua pa kuupenyeza chini ya turubai alilolishona mwenyewe?

Nikamtafutia sababu, nikaipata haraka. Mwezi mmoja kabla aliniomba nimbebee majora ya kitambaa kutoka mjini, maana alikuwa na kazi ya kushona majoho ya kwaya ya kanisa lao. Nikamwambia viti vya nyuma si vya mizigo. Alisema sharp, haina shida. Mtu akisema haina shida upesi hivyo, mimi humtazama mara mbili.

Nilianza kumpima kwa maneno. Nikamuuliza kama amesikia mtu akishika gari. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba hajasikia. Nikamuuliza kama mkasi wake ni mkali. Hapo alisimamisha cherehani.

"Grand, mimi nikitaka kukuumiza, nitakushonea suruali fupi uende nayo kazini."

Mzaha huo niliuchukua kuwa ushahidi. Jioni ile nilikwenda kwa Dona. Neno langu kwake lilikuwa zito, kwa sababu nilimtengenezea umeme wa nyumba nzima na nilimsomea barua zake za manispaa. Nikamwambia kwamba mpangaji wake anaharibu mali ya watu. Alisikiliza, akasikitika, kisha akatoka na fimbo yake hadi kwa Fundi, akamwambia atafute kwingine, mwisho wa mwezi awe ameondoka.

Nilidhani nitafurahi. Fundi alikuja mlangoni kwangu, mkewe nyuma yake akiwa bado na aproni ya saluni. Wateja wake wote walijua chumba kile, kwaya nzima ilikuja kupimwa pale, na majoho hayakuwa yameisha.

"Ile ulisema kule," alisema, "sema hapa mbele yangu."

Nikamwambia, "Fundi, ukimtoa mkeo anayeshinda saluni, ua huu una watu watatu. Dona hawezi kazi hiyo. Na mimi siwezi kujikwaruzia gari langu mwenyewe."

Mkewe alimshika mkono, wakaondoka. Asubuhi yake Dona aliniita. Alisema amelala vibaya. Alitaka kujua kama nilimwona yule kijana kwa macho yangu. Sikumwona, na mimi si mtu wa kudanganya. Akasema basi nimwone kwanza, maana kumtoa mtu na mke wake kwa hesabu za kichwani, hata hesabu nzuri, yeye hataki kuulizwa siku ya kufa.

Ilikuwa haki. Hata mimi sijawahi kubadilisha kipuri bila kuona hitilafu. Nikaomba ruhusa kazini siku moja, nikaingia nyumba ya mbele Fundi asinione, nikakaa na Dona kwenye dirisha la jikoni linalotazama uani. Alinipa kahawa chungu. Ulikuwa Agosti, ule upepo wa Johannesburg wenye vumbi la manjano kutoka kwenye vifusi vya machimbo ulikuwa umeanza, na nguo zilikuwa zikichapana kambani.

Cherehani ya Fundi ilikuwa inakwenda. Tuliisikia vizuri kabisa, mfululizo, kama mvua juu ya bati. Nilikuwa nikisubiri inyamaze, nimwone akitoka.

Haikunyamaza. Lakini turubai likavimba. Upepo uliingia chini yake, ukaliinua kama tumbo la mtu aliyeshiba, ukaliachia. Tukasikia kwaru. Likavimba tena. Kwaru. Dona akaweka kikombe chini. Cherehani bado ilikuwa inakwenda, na mbwa amelala.

Nilitoka nikiinama kwa mazoea ya kuvizia, ingawa hapakuwa na wa kumvizia. Nikalishika pindo la turubai: kimya. Nikaliachia: kwaru. Nikaingiza mkono ndani, na kiganja changu kikakutana na kufuli langu, linaning'inia kwenye waya, linapanda na kushuka juu ya mlango kwa kipimo kilekile cha ile miezi michanga. Kila Jumamosi nilikuwa naanza kwa kulivuta nje na kulifungua, ndipo nafunua gari. Nilikuwa namwondoa mhalifu kabla sijaja kumtafuta.

Nilimwomba Dona akamwambie Fundi abaki, kwa kuwa nyumba ni yake. Akatikisa kichwa. Alisema mdomo uliopeleka neno ndio ukalirudishe.

Fundi hakuinua macho nilipoingia. Majoho ya zambarau yalikuwa yamejaa kitanda. Nilisimama kati ya vitambaa, nikamwambia kwamba mkosaji amepatikana, ni upepo, na kwamba Dona amesema haondoki.

Aliondoa mguu kwenye cherehani. "Upepo njo ulifunga kufuli, Grand?"

"Kufuli nilifunga mimi."

"Na ulimfungia nani?"

Nilikuwa na majibu: wezi, mji wenyewe, wapitaji. Lakini geti letu lilikuwa na ufunguo na mbwa, naye alilijua hilo kama mimi. Nikamwambia anisamehe. Akasema sharp, haina shida, akarudisha mguu.

Hakuhama. Majoho yaliisha, na Jumapili iliyofuata kwaya ilipita uani kuyachukua, wote wakinisalimia kwa adabu nyingi mno. Mimi niliuvua waya na kufuli nikavitupa, turubai nikalifunga kwa kamba tu. Sahani ya sombe haikuja Jumapili ile wala zilizofuata.

Kabla ya mwezi kuisha niliona kufuli jipya kwenye mlango wa Fundi. Alilifunga hata alipokwenda bombani, hapo hapo uani, ndoo mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili. Jumamosi moja nilikuwa nang'arisha gari, lote wazi juani, linawaka kama kioo. Alipita na ndoo yake, akalitazama. Nilipunguza kasi ya kitambaa, nikamsubiri aseme lile neno lake la bi harusi.

Alifungua kufuli, akaingia, akafunga kwa ndani.