Pale pa Kugeuza Maharage

Fimbo ikipiga maharage makavu, mlio wake ni kama mvua ya mawe inapoanza juu ya bati, ile inayokukuta nguo zako bado ziko kwenye kamba. Juzi nilikuwa napita nyuma ya nyumba ya jirani yangu hapa Makambako, ndoo kichwani, nikausikia, nikasimama pale pale. Mimi ni mtu mzima, jamani. Nina watoto wawili na cherehani tatu, na wasichana ninaowafundisha kushona wananiita madam. Lakini fimbo ikigonga maharage narudi kuwa mtoto wa miaka kumi mwenye siri, na siri yenyewe inataka kutoka, nami nimeibana kwa meno.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya watoto kanisani kwetu, Lyamkena. Hakusomea muziki popote. Alikuwa na sikio tu, na rula ndefu ya mbao ya kupigia mapigo, na ole wako upige makofi kabla ya rula. Wazee wa kanisa walimpa kwaya ile kwa shingo upande, maana mwalimu aliyetangulia alikuwa mwanamume mwenye cheti, na mmoja wao alisema mbele za watu, "Tumjaribu Mama Subira mwaka mmoja, tuone." Subira ni mimi. Kwa hiyo hata jina langu lilikuwa kwenye majaribio.

Mwaka ule kulikuwa na mashindano ya kwaya za watoto Njombe mjini, na sharti kubwa lilikuwa hili: kila kwaya ilete wimbo mpya wa kujitungia, ambao haujaimbwa mahali popote, hata kanisani kwenu. Mama alitunga wake mwezi wa tatu. Alituambia ulimjia alfajiri akiwa anapuliza moto wa jikoni, ukaja mzima, sauti na mwendo, yeye akautafutia maneno tu. Yalikuwa maneno ya njiwa wa Nuhu anayezunguka juu ya maji akitafuta pa kutua. Ulikuwa na jambo moja la ajabu: baada ya mstari wa pili, kwaya nzima ilinyamaza mapigo manne. Kimya kabisa. Kisha tukaitikia kwa nguvu. Sisi watoto tulikuwa tunapitiliza kile kimya kila siku, na mama alikuwa anagonga meza kwa rula: "Hapo mnyamaze! Sijui kwa nini, lakini hapo mnyamaze!"

Sijapata kumwona mama yangu na furaha kama ile. Alikuwa akiosha vyombo anauimba, anasimama, anacheka peke yake. "Huu sikufundishwa na mtu," alikuwa akisema. "Huu ni wangu na Mungu wangu." Halafu ananigeukia na kidole: "Na wewe, mdomo wako! Wimbo wa mashindano ni mayai yaliyoatamiwa. Ukiyafunuafunua, hayaanguliwi."

Sasa mniambie, mtoto wa miaka kumi aliyeambiwa asifungue mdomo, atafanya nini?

Mwezi wa sita shule zikafungwa, nikapelekwa Mdandu kwa bibi, mama yake mama, kumsaidia maharage. Huko alikuwepo Upendo, binti wa mama mkubwa, rika langu, mwimbaji wa kwaya ya watoto ya kule kule. Tulipiga maharage siku tatu, mimi, yeye na bibi, uani, juu ya turubai. Zamani, bibi alituambia, wanawake walifanya mgowe: leo kwa huyu, kesho kwa yule, wote na fimbo zao, watoto mgongoni, na mwenye shamba anapika togwa. Siku hizi kila mtu anapiga yake, na sisi tulikuwa na redio ya betri iliyokuwa inakoroma. Siku ya tatu bibi alikwenda kisimani. Tukakaa juu ya magunia, vumbi la maganda likituwasha shingoni, Upendo akajisifu kwamba kwaya yao ina wimbo utakaotutoa machozi. Nikamwambia wetu utawatoa kamasi. Akasema, imba basi, kama si maneno matupu. Nikauimba wote, na kile kimya chake nikakihesabu kwa vidole.

Upendo hakucheka wala hakusifu. Alinitazama, akaokota fimbo yake, akaendelea kupiga. Nikaona nimemweza.

Mashindano yalikuwa mwezi wa tisa. Njombe kulikuwa na baridi ya kuuma masikio na ukungu mpaka saa nne, tukapanga mistari nje ya ukumbi tumevaa masweta chini ya majoho, tumenenepa kama magunia. Kwaya yetu ilikuwa ya saba. Ya sita ilikuwa ya Mdandu. Nilimwona Upendo mstari wa mbele, nikampungia mkono, naye akaangalia viatu vyake. Mwalimu wao, Zabroni, mtu mrefu mpole, akanyanyua mikono. Wakaanza.

Walikuwa wanaimba habari za kondoo aliyepotea. Lakini sauti ilikuwa yetu. Ilipanda pale pale, ikashuka pale pale, na baada ya mstari wa pili watoto wote wa Mdandu walinyamaza, nami nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Wakaitikia.

Nilimtazama mama pembeni ya jukwaa, rula kwapani, mdomo wazi, na nikajua kitu kimoja tu duniani: ni mimi. Mimi ndiye niliyemwimbia Upendo, Upendo akampelekea mwalimu wake. Bado kulikuwa na nafasi ya kumvuta mama sketi nikamwambia. Sikumvuta. Tulipanda, tukaimba njiwa wetu, na tulipofika kwenye kile kimya, ukumbi mzima ukaguna.

Majaji wakaita walimu wote wawili mbele, mbele yetu, mbele ya wazazi. Mwalimu Zabroni akasema ametunga wimbo wake mwezi wa pili, kwa akili yake. Mama akasema wake ulimjia jikoni mwezi wa tatu. "Nyimbo kufanana ni kawaida," alisema jaji mmoja, mzee wa miwani. "Lakini hata pale pa kunyamaza? Watu wawili hawazui kimya kile kile. Mmoja wenu ni mwizi." Nyimbo zote mbili zikawekwa kando. Wazee wa pande zote mbili wakaambiwa wakutane baada ya wiki mbili, kanisani kwetu, na watoto wawili wawili wa kuimba, mwizi ajulikane na aache kwaya.

Mwezi wa pili! Mtu mwenye akili angeshika hapo hapo kwamba mwezi wa pili unatangulia wa sita. Mimi sikushika. Nilidhani mwalimu Zabroni anadanganya, na anadanganya kwa wimbo niliompa mimi. Wiki mbili zile sikula ugali ukashuka. Shuleni nilikuwa nikiitwa jina nashtuka kama nimemwagiwa maji. Upepo wa Makambako mnaujua, ule wa vumbi unaogonga milango. Kila ukigonga nilidhani ni mzee wa kanisa. Sokoni mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, mama akisikia, "Ndiye huyo wa nyimbo za watu." Mama akanunua nyanya zake, akasema asante. Nyumbani akazikata zote, hata za kesho. Mara tatu nilifungua mdomo kumwambia. Mara tatu nikamwomba chumvi.

Jumamosi ikafika. Bibi alikuja na basi la asubuhi pamoja na Upendo. Bibi hakuwa ameitwa na mtu. Alisema binti yake hawezi kukaa katikati ya wanaume wanaomwita mwizi bila mama yake benchini. Wakubwa waliingia ndani, mimi na Upendo tukabaki nje kwenye simtanki la maji, tukisubiri kuitwa. Tulisimama hatuangaliani. Mwishowe nikashindwa. "Kwa nini ulimwambia mwalimu wako?" nikamuuliza, na machozi yakaanza.

Upendo alinikodolea macho. "Nimwambie nini? Sisi tulikuwa tunauimba tangu kabla ya Pasaka. Siku ile ulivyoimba nilidhani nimeuvujisha mimi! Nilikuwa nauimba chini chini huku napiga fimbo, nikasema, Subira amenisikia, amebeba." Naye akaanza kulia. "Nimeogopa kumwambia mtu mpaka leo."

Basi tukalia wote wawili, wezi wawili ambao hawakuiba kitu. Afueni niliyoipata ilidumu kama dakika moja. Maana kama si mimi, na si Upendo, basi kweli mmoja kati ya mama yangu na yule mwalimu mpole alikuwa mwizi. Wakatuita nikiwa nawaza hilo, na nikaingia naogopa kuliko mwanzo.

Tuliimba mbele ya wazee sita waliokunja mikono. Upendo na mwenzake waliimba kondoo. Walipofika penye kimya, nikasikia kitu nyuma yangu: krrr, krrr. Nilidhani ni benchi. Kisha mimi na mwenzangu tukaimba njiwa, na penye kimya nikakisikia tena, krrr, krrr, nikageuka. Alikuwa bibi. Ameshika fimbo yake ya kutembelea kwa mikono miwili, anaiburuta sakafuni, anavuta na kusukuma, macho amefumba.

"Mama, unafanya nini?" mama akamnong'oneza.

"Si nageuza maharage," bibi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hapo ndipo tulipokuwa tunageuza. Mnapiga, mnapiga, mnanyamaza mnageuza lundo, mnapiga tena. Ukiimba huku unageuza, vumbi linakukaba." Na bila kuomba ruhusa ya mchungaji wala ya mzee yeyote, akaanza kuimba kwa Kibena, akigonga sakafu ya kanisa. Sauti ilikuwa ile ile yetu, lakini ulikuwa wimbo wa mkwe mvivu aliyeunguza maharage akamsingizia paka. Kwenye kiitikio akaitikiwa. Bibi mmoja wa kwetu, aliyekuwa anafagia madhabahuni na hakuhusika na kesi yoyote, aliacha ufagio akaitikia kwa sauti ya pili, sawasawa, na wote wawili wakanyamaza mapigo manne pamoja.

Kikao kilikwisha hapo. Bibi alieleza kwamba Zabroni ni mtoto wa jirani yake, na yeye na mama yangu walibebwa migongoni mwa wanawake wa mgowe mmoja, wakilala huku fimbo zikipigwa. Mama aliondolewa Mdandu akiwa na miaka minne, akalelewa na shangazi yake huku Makambako. Mgowe ukafa, wimbo ukafa nao, au watu walidhani umekufa. Wazee walicheka mpaka wakafuta macho. Walimpa mama mkono, walimpa mwalimu Zabroni mkono, "Hongera sana Mama Subira, umesafishwa!" Mimi na Upendo tulirukaruka uwanjani mpaka tukaangusha maua. Hakuna aliyekuwa mwizi! Nilimaliza sahani mbili za ugali siku ile, na sikumtazama mama usoni hata mara moja.

Aliendelea kufundisha kwaya miaka kumi na moja. Alifundisha nyimbo za vitabuni, nyimbo za wengine. Wa kwake hakutunga tena. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani ni kazi nyingi.

Miaka mitatu iliyopita nilibuni kola ya gauni, pana, yenye pindo mbili mbele, na wateja wakaigombania mpaka Njombe mjini. Niliiita kola yangu. Siku moja nikipanga vitu vya marehemu bibi nikakuta picha yake ya ujanani: amesimama mbele ya nyumba, amevaa gauni lenye kola ile ile, na pindo zake mbili. Nilikaa chini sakafuni. Watu wangesema ni jambo zuri, damu imekumbuka, na kweli ni zuri. Lakini mimi pale sakafuni niliona kama nimeporwa, na ndipo nilipomwona mama yangu siku ile ya kikao, benchini, akipokea mikono ya watu. Wimbo uliomjia alfajiri, wake na Mungu wake. Walimwondolea wizi na wimbo kwa pamoja, na sisi tukashangilia.

Nilichelewa kumwambia. Ningeanzia wapi? Mpaka juzi, ule mlio wa fimbo kwa jirani. Nilitua ndoo, nikaenda Lyamkena kwa miguu. Mama alikuwa kibarazani na ungo mapajani, anachambua maharage, miwani imemshuka puani. Nikamwamkia, nikakaa chini karibu na miguu yake.

"Mama, pole."

"Pole ya nini tena?"

"Ya wimbo wako."

Vidole vyake vikasimama juu ya ungo. Alinyamaza, na mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta nahesabu. Ilipita nne na zaidi.

"Siku ile," akasema, "watu wote walinipa hongera."

Kisha akayageuza maharage kwenye ungo, akaendelea kuchambua.