Mwalimu wa Kijerumani Atakiwa Kitambulisho

"Fomu ya Kumtambulisha Mwalimu wa Lugha ya Kigeni." Ndivyo ilivyoandikwa juu ya karatasi ambayo muuguzi mmoja wa Olenguruone alisukumiwa dirishani, katika ofisi moja hapa Nakuru, nami nikiwa nyuma yake kwenye foleni. Alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee Ujerumani, na bila muhuri siku hiyo, nafasi ingepewa mwingine.

"Nani amekufundisha Kijerumani?" karani akauliza.

"Nimejifunza kwa mtandao, boss. Masomo ni ya bure."

"Sijauliza bei, madam. Nimeuliza nani."

Muuguzi akaweka simu kwenye kaunta, akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikasalimu, "Guten Morgen!" kisha ikangoja jibu. Karani akatazama kushoto na kulia.

"Guten Morgen," akajibu kwa heshima.

"Sehr gut!" simu ikamsifu.

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumsifu karani yule akiwa kazini. Alirekebisha tai.

"Huyu ni mwalimu kweli. Lakini fomu inataka nambari ya kitambulisho chake."

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Si hata simu iko na nambari yake! Bonyeza nyota, reli, sufuri, sita, reli!"

Mimi dirisha hilo lilinirudisha nyumbani kwa sababu ya herufi moja katika jina la babu yangu. Muuguzi hakurudishwa. Karani alinakili tarakimu zote kumi na tano zilizotokea kwenye simu, akaandika jina la mwalimu kuwa Bi. Simu, akapiga muhuri.